Fundi wa Besi Anajibu: Nyuzi Zisifubae Mapema

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: nyuzi za gitaa la besi na jinsi zinavyopoteza sauti ya upya. Nimefurahi kuzipokea, maana jambo hili wapiga besi wengi hulalamikia na wachache hulishughulikia. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu jibu lake ndilo mzizi wa mengine.

Shikamoo Fundi. Napiga besi ya nyuzi nne katika bendi ya vijana. Nikifunga seti mpya sauti inakuwa kali na safi, kila noti inajitenga. Baada ya wiki mbili hivi imeshafubaa, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Mwenzangu anatumia seti ya aina ile ile na zake zinadumu miezi. Je, nauziwa nyuzi mbovu?

Marahaba, kijana wangu. Nyuzi zako si mbovu. Tofauti iko mikononi mwenu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Uzi wa besi si waya mmoja. Ndani kuna kiini cha chuma kigumu kilichonyooka, na juu yake umezungushwa waya mwingine, tena katika nyuzi nene tabaka huwa zaidi ya moja. Kwenye nyuzi za raundi, ambazo ndizo wengi wenu mnatumia, waya wa juu ni wa mviringo, hivyo kila mzunguko unapogusana na wa jirani huacha kibonde. Pitisha ukucha kwenye uzi wa E, ule mnene kuliko wote: mkwaruzo unaousikia ni vibonde hivyo. Humo ndimo uchafu unakokwenda kukaa. Jasho, mafuta ya ngozi, chembe za ngozi iliyokufa na vumbi, vyote vinashindiliwa na kidole chako kila unapobonyeza noti.

Uzi wa E ukipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Lakini ile 41 Hz peke yake siyo sauti unayoipenda siku ya kwanza. Juu yake zinapanda hamoniki, yaani mitetemo midogo ya kasi zaidi ya uzi huo huo, karibu 82, kisha 124, kisha 165, na kuendelea hadi maelfu, na hizo za juu kabisa ndizo zinazoipa noti makali na kuifanya isikike hata ngoma na kinanda vikiwa vimejaa. Ili hamoniki hizo ziishi, uzi unatakiwa upinde kwa wepesi katika vipande vidogo sana. Uchafu ulioshikamana kati ya mizunguko hunyonya nguvu ya mtetemo huo mdogo. Ule mkubwa hausumbuki sana. Ndiyo maana uzi uliofubaa bado unatoa noti na bado unakubali kutuniwa, yaani kukazwa hadi sauti yake, lakini unapotaka kupiga kwa kidole gumba ili kila pigo lipasuke, hakuna kinachopasuka.

Sasa jasho lenyewe. Lina chumvi, na mara nyingi lina asidi kidogo, na kiasi hicho hakilingani kati ya mtu na mtu. Wengine viganja vyao ni vikavu usiku kucha. Wengine vinalowa taa za jukwaani zikiwaka tu. Mezani kwangu yanaletwa magitaa ya watu wa aina zote mbili, na la mwenye jasho jingi nalitambua kabla sijaliunga kwenye ampli: nyuzi zina madoa meusi pale mkono wa kushoto unapokaa zaidi, na skrubu za briji, kile kipande cha mwilini kinachoshika ncha za nyuzi, zimeota kutu pale anapopumzishia kiganja. Nadhani wewe ni wa kundi hilo na mwenzako ni wa lile jingine. Si kosa lako, ila kazi ya kutunza nyuzi kwako ni kubwa kuliko kwake.

Anza kabla ya kushika gitaa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha ikaushe vizuri, hasa ncha za vidole na katikati yake. Kama umejipaka losheni au umetoka kula, hili halina mjadala. Wapiga besi wengi huona kunawa ni jambo la kitoto na kukimbilia kuuliza ni aina gani ya nyuzi inadumu. Mimi naliweka mbele ya aina yoyote ya nyuzi.

Kisha kitambaa. Kiwe cha pamba, kikavu, kisichoacha nyuzinyuzi, na kikae ndani ya mfuko wa gitaa siku zote. Kosa ninaloliona ni watu kupitisha kitambaa juu ya nyuzi zote nne kwa mkupuo mmoja na kudhani wamefuta. Hapo wamefuta juu tu, na uchafu mwingi uko ubavuni na chini. Chukua uzi mmoja, ufunike kwa kitambaa pande zote, ubane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vuta kutoka kichwani mwa shingo mpaka briji, urudi. Utasikia sauti ya mvuto kitambaa kikipita kwenye vibonde, na ukikitazama utaona mstari wa kijivu. Fanya hivyo kwa kila uzi. Mwisho pitisha kitambaa chini ya nyuzi zote, kati yake na ubao wa shingo, ukisugue kutoka juu hadi chini, kwa kuwa uchafu wa ubao hurudi kwenye nyuzi ukibonyeza tena.

Fanya hivyo mara tu unapomaliza kupiga, wakati jasho bado ni bichi. Jasho likikauka linaacha chumvi, na chumvi ikiwa ndani ya kibonde kitambaa hakiifikii. Mwenye mikono kama yako asingoje mwisho wa onyesho. Mwimbaji anapozungumza na watu kati ya wimbo na wimbo, wewe futa.

Gitaa likishakauka lirudishe kwenye mfuko au kasha lake badala ya kuliacha kwenye stendi kwenye hewa yenye unyevu au chumvi ya bahari. Vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme, usivitupe. Tia viwili ndani ya kasha. Lakini gitaa na nyuzi viwe vikavu kwanza, kwani ukifungia unyevu ndani ya kasha umeufungia pamoja na chuma.

Nimeulizwa pia kuhusu mafuta ya kupaka nyuzi. Kwenye nyuzi za raundi za besi mimi sipaki. Mkono utateleza vizuri siku hiyo, ila mafuta yanabaki katika vibonde na kukusanya vumbi, na vumbi ndilo unalojaribu kuliondoa.

Habari za kazi, Fundi. Nimeambiwa nyuzi zilizofubaa zinachemshwa kwenye sufuria zinakuwa mpya. Ni kweli au ni hadithi tu?

Ni kweli, kwa muda mfupi. Maji ya moto hulainisha mafuta na kuachisha uchafu, na uzi ukifungwa tena unang'aa kweli kweli. Tatizo ni kinachobaki. Maji huingia hadi kwenye kiini, mahali ambapo huwezi kufuta, na usipoukausha kabisa unakuwa umepanda kutu katikati ya uzi. Kisha kuchemsha hakutoi uchafu wote, kwa hiyo sauti hurudi kufubaa upesi kuliko mara ya kwanza.

Kama unataka kuziosha, tumia spiriti. Inayeyusha mafuta vizuri na inakauka yenyewe bila kuacha unyevu. Zitoe nyuzi kwenye gitaa, zikunje taratibu katika duara pana bila kuzivunja, uziweke ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, mimina spiriti hadi izifunike, na uziache usiku mzima au hata siku nzima. Tikisa chombo mara kwa mara. Utakapozitoa utaona spiriti imegeuka rangi na mashapo yametulia chini. Futa kila uzi kwa kitambaa safi, kisha zining'inize mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzifunga. Fanya kazi hiyo penye hewa, mbali na jiko, sigara na moto wa aina yoyote, na vaa glavu. Chombo kiwekwe mahali watoto hawafiki.

Narudia: nyuzi zitolewe kwanza. Usipake spiriti nyuzi zikiwa bado kwenye gitaa. Tone likianguka kwenye mwili uliopakwa vanishi ya aina ya zamani linaiyeyusha, na ubao wa shingo ambao haukupakwa vanishi hukaushwa mafuta yake.

Lakini kuosha kuna mpaka, na wengi hawaujui. Uzi huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni uchafu, na huo unatoka. Ya pili ni majeraha ya chuma chenyewe. Kila unapobonyeza, uzi hugongana na freti, vile vyuma vilivyopangwa kwenye ubao wa shingo, na baada ya muda upande wake wa chini unabonyea pale freti zinapougusa. Legeza uzi wa G au D, zile mbili nyembamba, upitishe ukucha upande wa chini juu ya freti za mwanzo. Ukisikia vishimo, hakuna spiriti wala maji ya moto yatakayoviziba. Uzi huo hauna tena uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho, na hapo hata intonesheni, yaani usahihi wa noti shingo nzima, inakataa. Kipimo chake ni rahisi: piga hamoniki kwenye freti ya 12, yaani gusa uzi hapo bila kuubonyeza, kisha bonyeza freti hiyo hiyo na upige. Kama zamani noti hizo mbili zilikuwa zinalingana kwenye chombo cha kutunia na sasa zinapishana bila mtu kugusa briji, uzi umezeeka. Uweke pembeni kama akiba ya dharura, ufunge mpya.

Jambo la mwisho kuhusu kuosha: kila unapoufungua uzi na kuuzungusha tena kwenye kigingi cha kukazia, ile kona uliyoukunja hapo huchoka. Hakikisha inarudi pale pale ilipokuwa, na usirudie zoezi hilo mara nyingi kwa seti moja.

Fundi, mimi ni mtu mzima, napiga besi tangu ujana wangu. Nyuzi zangu ni zile laini, bapa, na sijazibadilisha kwa miaka. Vijana wa bendi wananiambia sauti yangu imekufa. Nibadilishe?

Shikamoo mzee wangu. Ikiwa wewe unaipenda sauti hiyo, usibadilishe chochote.

Nyuzi zako ni za flati. Badala ya waya wa mviringo, zimezungushiwa utepe bapa wa chuma, kwa hiyo hakuna vibonde vya kubeba uchafu na kidole kinateleza bila mkwaruzo. Hazikuwa na makali mengi tangu mwanzo, hivyo hazina mengi ya kupoteza. Vijana wako pengine hawajui kwamba besi ya umeme ilikulia kwenye nyuzi hizo. Leo Fender, mtengenezaji magitaa wa Marekani, alipoleta besi yake ya Precision Bass mwaka 1951 ilikuwa na nyuzi za flati. Nyuzi za raundi za besi zilipata umaarufu baada ya 1966, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipofanya kazi na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliyetaka besi yenye sauti kali inayokaribia ya kinanda. Kuanzia hapo masikio ya watu yaligawanyika, na mpaka leo yamegawanyika.

Waambie pia wamsikilize James Jamerson, mpiga besi wa studio za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, Marekani. Alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi nene za flati za kampuni ya La Bella, na waliofanya naye kazi wanajulikana kwa kusimulia kwamba hakuwa akizibadilisha mpaka zikatike. Sauti ile nzito, ya mviringo, inayokaa vizuri chini ya ngoma, ilitoka kwenye nyuzi zilizozeeka. Nikifunga flati kwenye gitaa la mteja humwambia azipe muda zitulie ndipo azihukumu, kwa kuwa mpya kabisa zinakuwa na ukali wa bati ambao binafsi siupendi.

Ila mzee, kitambaa kisikosekane hata kwako. Flati haimezi uchafu, lakini inaota kutu kama chuma kingine.

Nimefunga seti mpya kabisa na uzi wa E umekufa tangu siku ile ile. Nyuzi nyingine tatu ziko sawa. Dukani wanasema hauna kasoro.

Inawezekana dukani wako sahihi, na uzi uliuawa wakati wa kuufunga. Nieleze unavyokata. Ukikata ncha ya uzi ukiwa bado umenyooka, mizunguko ya waya wa juu inaweza kulegea na kuteleza kwenye kiini, hasa kama kiini chake ni cha duara, si cha pembe sita. Uzi uliolegea hivyo hautengenezeki. Unatakiwa kwanza kuukunja kwa nguvu, kona ya digrii 90 kamili, na kukata mbele ya kona hiyo. Kona ndiyo inayoshikilia mizunguko isifunguke. Acha urefu wa kutosha kuzunguka kigingi mara mbili au tatu, takriban sentimita 10 kupita kigingi chake, na mizunguko ishuke kwenda chini bila kupandana.

Sababu nyingine ni msokoto. Unapozungusha kigingi huku umeubana uzi kwa vidole, unaweza kuusokota mwenyewe bila kujua, na uzi uliosokotwa hautetemi sawasawa. Ulegeze, itoe ile ncha kwenye tundu la kigingi, uache ujifungue wenyewe, kisha urudishe. Nimeona nyuzi zilizodhaniwa kufa zikiamka kwa hilo tu.

Ukishautuni, bonyeza uzi kidogo kwa kidole gumba mbele tu ya kikalio cha briji, na tena baada tu ya kile kipande chenye mifereji kichwani mwa shingo. Uzi mnene hupenda kujikunja kama upinde pale unapotoka kwenye kikalio, na upinde huo hula sauti na kuvuruga intonesheni. Bonyeza kwa upole, uzi unyooke tangu mwanzo wake. Kisha tuni tena.

Ukifanya yote hayo na bado umekufa, hapo urudishe dukani.

Fundi, noti moja tu inanisumbua. Uzi wa G, freti ya tano mpaka ya saba, noti inazima haraka. Nimebadilisha seti mbili, hali ni ile ile.

Usinunue ya tatu. Huo si uzi, ni shingo ya gitaa. Kwenye besi nyingi, hasa za muundo wa Fender zenye shingo ya kufungwa kwa skrubu, shingo yenyewe hutetema kwa kasi inayokaribia noti za sehemu hiyo na kuunyang'anya uzi nguvu. Piga noti ile ile kwenye uzi wa D, juu zaidi ya shingo: kama inadumu, jibu umelipata. Wengine hufunga kipande cha chuma kichwani mwa gitaa ili kuhamisha tatizo kidogo. Wengi hujifunza tu kuipiga noti hiyo mahali pengine, na hata mimi nafanya hivyo.

Shikamoo. Kuna nyuzi za nikeli, za chuma kisichoshika kutu, na zile zilizopakwa utando. Ipi inadumu zaidi? Na je, nilegeze nyuzi kila usiku zipumzike?

Marahaba. Zenye utando zinadumu zaidi, bila ubishi, kwa kuwa ule utando mwembamba wa plastiki unazuia jasho na uchafu visifike kwenye vibonde. Kwa mtu mwenye jasho jingi nazipendekeza. Jaribu kwanza kama mkono wako utazipenda, maana zinateleza, na ukipiga kwa piki, kile kibapa cha kukwangulia nyuzi, utando unaweza kuchubuka na kuning'inia vipande vyeupe. Chuma kisichoshika kutu kinastahimili jasho vizuri na kina sauti kali zaidi, lakini ni kigumu kwa vidole na kinakula freti haraka. Waya wa chuma uliopakwa nikeli uko katikati: laini kwa mkono, mpole kwa freti, sauti ya wastani. Besi yangu ya kazi inabeba hizo za nikeli, kwa kuwa freti ni ghali kubadilisha kuliko nyuzi na mimi mikono yangu ni mikavu.

Kulegeza kila usiku, hapana. Chuma hakipumziki kwa kulegezwa. Kinachoka kwa kukazwa na kulegezwa mara kwa mara, hasa kwenye ile kona ya kigingi. Shingo nayo imewekwa kubeba mvuto wa nyuzi zote nne wakati wote. Ziache zikiwa zimetuniwa, zikiwa zimefutwa. Utakapobadilisha, badilisha seti nzima kwa wakati mmoja, kwani uzi mmoja mpya kati ya tatu zilizofubaa utapiga kelele peke yake kila ukiufikia.